Ikupa na Mpunga wa Ndege

Nyumba ya kina Ikupa ilikuwa ya mwisho kabisa kijijini. Ukitoka mlangoni, ukienda mbele kidogo tu, miguu yako inakanyaga maji.

Hayakuwa maji ya mto. Yalikuwa maji ya mpunga.

Mashamba yalikaa mraba, mraba, mraba. Kila moja limezungushiwa tuta la udongo, ili maji yasitoroke. Watu wa huko huyaita majaruba.

Ikupa alijua kutembea juu ya tuta bila kuanguka. Mdogo wake, Ambwene, alijua pia. Lakini si sana.

Pwacha.

Huyo ni Ambwene. Ameshaingia majini tena.

Mwezi ule mpunga wa Mama ulianza kugeuka njano. Kila mtu nyumbani alikuwa na furaha. Kila mtu, isipokuwa Bibi.

Bibi alikuwa ameumwa homa. Homa ilikwisha. Dawa zilikwisha. Lakini hamu ya kula haikurudi.

Mama alimletea ugali na maharage. Bibi alimega kidogo, akanawa mikono.

Mama alimletea ndizi zilizoiva vizuri. Bibi aliziangalia, akazisogeza kwa Ambwene. Ambwene alizila zote.

Mama alimletea maziwa ya mgando, tena na sukari juu yake.

"Asante, mwanangu," alisema Bibi. "Wape watoto."

"Mama, onja basi hata kidogo," alisema Mama. Mama naye alimwita Bibi mama, kwa sababu Bibi ndiye aliyemzaa.

"Nitakula kesho," alisema Bibi.

Jana pia alisema kesho.

Ikupa aliketi kwenye mkeka, karibu na kitanda cha Bibi. Akamshika mkono. Mkono wa Bibi ulikuwa mwepesi, mwepesi kabisa.

"Bibi, kwa nini huli?"

"Mdomo wangu umesahau chakula, mjukuu wangu. Kila nikionja, naona uchungu."

Ikupa alifikiri. "Umesahau vyote? Hakuna hata kimoja unachokikumbuka?"

Bibi alicheka, kicheko kidogo cha puani.

"Kipo kimoja," alisema. "Mpunga wa ndege."

"Ndege wana mpunga?" aliuliza Ambwene.

"Wanao. Uko ng'ambo ya majaruba, kwenye dimbwi la mvua. Hakuna mtu anayeupanda. Hakuna mtu anayeupalilia. Unaota wenyewe. Nilipokuwa mdogo kama nyinyi, mama yangu alikuwa anatupikia. Mchele wake mwekundu." Bibi alifumba macho. "Huo ningekula."

Ikupa alisimama. Ambwene naye akasimama, kwa sababu Ikupa amesimama.

Walimkuta Mama shambani, ameinama, anang'oa magugu.

"Mama," alisema Ikupa, "Bibi anataka kula."

Mama aliinuka haraka. "Anataka nini?"

"Mpunga wa ndege."

"Eh," alisema Mama. Akashika kiuno. "Mpunga wa ndege. Unaona haya ninayong'oa? Ndiyo hayo hayo."

Aliwaonyesha jani refu la kijani. Lilikuwa kama jani la mpunga. Sawasawa kabisa.

"Ukiwa mdogo unajifanya mpunga," alisema Mama. "Ukikomaa, hausubiri kuvunwa. Unamwaga punje zake chini, zinalala matopeni. Mvua ikija, zinaamka. Mimi naanza tena kung'oa, mgongo unaniuma."

Ikupa aliutazama mgongo wa Mama. Ulikuwa na matope.

"Lakini Bibi alisema huo angekula," alisema taratibu.

Mama aliitazama nyumba. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Haya, nendeni," alisema. "Maji yasipite magoti. Mkae mahali ninapowaona. Na sikilizeni. Mkirudi nao, isidondoke punje hata moja kwenye majaruba yangu."

"Hata moja," alisema Ikupa.

"Hata moja," alisema Ambwene, akateleza.

Pwacha.

Dimbwi la mvua lilikuwa pana, lakini maji yake yalikuwa mafupi. Wakati wa kiangazi hukauka, likawa matope, halafu likawa vumbi. Mvua zikinyesha, hujaa tena.

Vyura walikuwa humo. Kroo. Kroo.

Yangeyange weupe walikuwa humo, wamesimama kwa mguu mmoja. Bata maji walikuwa humo, wanaogelea na kuongea. Kwe, kwe, kwe.

Na katikati ya maji, ulisimama mpunga wa ndege.

Ulikuwa mrefu kuliko Ikupa. Mabua yake yameinama, kama watu wanaonong'onezana. Kila punje ilikuwa na ndevu, ndevu moja ndefu, nyekundu. Upepo ukipita, ndevu zote zinacheza. Shwaa. Shwaa.

"Ni mzuri," alisema Ikupa.

"Una ndevu kama mwalimu," alisema Ambwene.

Ikupa aliingia majini. Maji yalikuwa ya uvuguvugu juu na baridi chini. Alishika bua moja, akalikata kwa kucha.

Pwi. Punje moja ilianguka majini.

Pwi, pwi. Nyingine mbili.

"Aa-aa," alisema Ikupa. "Tulia."

Alikata suke lingine. Akakata na lingine. Akayabeba mikononi kama mtoto mchanga. Wakaanza safari ya kurudi, hatua kwa hatua, juu ya tuta. Ikupa aliimba kwa sauti ndogo:

*Polepole, mpunga, polepole.*
*Usidondoke, twende kwa Bibi.*

Tuta la kwanza wakalivuka. Tuta la pili wakalivuka. Nzi akatua puani kwa Ikupa. Hakumfukuza.

*Polepole, mpunga, polepole.*
*Usidondoke, twende kwa Bibi.*

Walipofika mlangoni, Ikupa aliangalia mikono yake. Alikuwa na mabua. Alikuwa na majani. Punje hazikuwapo.

"Zimekwenda wapi?" aliuliza.

Ambwene alinyoosha kidole nyuma. Huko nyuma juu ya tuta, palikuwa na ndevu nyekundu. Ndevu hapa. Ndevu pale. Ndevu njia nzima.

Na Mama alikuwa anakuja kwa njia hiyo hiyo.

Hawakungoja kuitwa. Walirudi, wakainama, wakaanza kuokota. Waliokota kwenye tuta. Waliokota kwenye nyayo zao wenyewe. Mama aliweka jembe chini, akaokota pamoja nao.

Mkono wa Mama ukawa na punje chache, zimejaa matope. Mama alizipeleka jikoni, akazitupa motoni.

"Zimekwisha?" aliuliza Ikupa.

"Bado," alisema Mama. Akainua mkono, akachomoa punje ya mwisho. Ilikuwa kwenye nywele za Ambwene.

Jioni Ikupa alimpelekea Bibi bua tupu. Bibi alilinusa.

"Ndio wenyewe," alisema.

"Bibi, mama yako alikuwa anauletaje nyumbani bila kudondoka?"

Bibi alijaribu kukumbuka. "Sijui, mjukuu wangu. Yeye alikuwa analeta. Mimi nilikuwa nakula tu."

Kisha Bibi akageukia ukutani. Sahani yake ya ugali ilibaki kama ilivyokuja.

Usiku huo Ikupa alimsikia Mama akisema peke yake jikoni, "Asipokula, atapata wapi nguvu?" Ikupa alivuta shuka mpaka kwenye macho.

Asubuhi walirudi dimbwini.

"Leo nimejua," alisema Ikupa. "Tusichukue masuke yenye ndevu nyekundu. Tuchukue ya kijani. Ya kijani hayadondoki."

Alilitikisa suke la kijani. Kweli, halikudondosha kitu. Alilitikisa tena kwa nguvu. Punje zimeshika, zimeng'ang'ania.

Walikata mengi. Walirudi wakitembea kama watu wakubwa, bila wasiwasi. Hata hivyo Ikupa aliimba, maana alishaupenda wimbo:

*Polepole, mpunga, polepole.*
*Usidondoke, twende kwa Bibi.*

Walifika mlangoni. Punje zote zilikuwapo. Ambwene alicheza, akazunguka, akazunguka, akakaa chini.

"Bibi, tumeleta."

Bibi alijiinua kitandani. Alichukua punje moja, akaibana kwa kucha. Tone dogo jeupe likatoka, kama maziwa.

Alichukua nyingine. Tone jeupe.

Bibi alifumba kiganja upesi. Lakini Ikupa alikuwa ameona.

"Hakuna mchele ndani," alisema Ikupa.

"Bado ni mchanga," alisema Bibi. "Ukiwa mchanga unashika. Ukiiva unaachia. Ndivyo ulivyo huo mpunga." Alimpapasa kichwani. "Umejaribu sana. Inatosha. Pumzika sasa."

Ikupa hakupumzika. Alikaa nje mlangoni, kidevu kwenye magoti.

Mama alikuja akakaa kando yake.

"Leo nimeona ndege, wale kwelea, wanapita juu," alisema Mama. "Wakitua pale dimbwini, hawaachi kitu. Kesho labda utaukuta. Keshokutwa, sijui."

"Mama, mpunga ule ni mkaidi."

"Mkaidi sana," alisema Mama.

"Ukiutaka, haupo. Usipoutaka, upo."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Ikupa hakucheka. Lakini alimwegemea Mama, na hapo akajisikia afadhali kidogo.

Kesho yake Ikupa alikwenda dimbwini na mikono mitupu. Hakujua atafanya nini. Alikaa ukingoni. Ambwene alikaa naye, akawa anachora matopeni kwa kidole.

Kwe, kwe, kwe.

Bata mmoja alikuja akiogelea katikati ya mabua. Alikuwa mnene, na alipita bila kujali, akisukuma mabua kwa kifua.

Pwi, pwi, pwi. Punje zikaanguka.

Bata akageuka. Nyap, nyap, nyap. Akazila.

Akasukuma tena kwa kifua. Pwi, pwi, pwi. Akageuka tena. Nyap, nyap, nyap.

Ikupa aliinua kidevu.

Bata hakukata bua. Bata hakubeba suke. Bata hakuuambia mpunga usidondoke. Aliuacha udondoke, yeye akawa yupo chini yake.

"Ambwene," alisema Ikupa, "huu mpunga unataka kudondoka."

"Ndiyo," alisema Ambwene. "Kila siku."

"Basi udondoke. Lakini udondokee ndani ya kitu."

Waliondoka mbio. Tuta la kwanza, tuta la pili, tuta la tatu.

Pwacha. Ambwene. Akainuka, akaendelea kukimbia mpaka jikoni kwa Mama.

"Mama," alisema Ikupa, akihema. "Naomba sufuria."

"Sufuria ya nini?"

"Ya mpunga wa ndege. Yenye mfuniko."

Mama alimtazama. Akautazama mfuniko uliokuwa unaning'inia ukutani. Polepole uso wake ukafunguka.

"Yenye mfuniko," alisema Mama. "Chukua ile kubwa."

Kwa hiyo Ikupa alibeba sufuria. Ambwene alibeba mfuniko, kama ngao.

Ikupa aliingia majini mpaka chini ya magoti. Aliishika sufuria kwa mkono mmoja, akaikinga chini ya suke. Kwa mkono mwingine alilishika bua, taratibu kama anavyomshika Bibi. Akaliinamisha. Akalitikisa.

*Dondoka, mpunga, dondoka.*
*Dondokea humu, twende kwa Bibi.*

Ting.

Ikupa alishusha pumzi.

Ting. Ting. Ting-ting-ting-ting.

Punje zilianguka ndani ya sufuria, na ndevu zao nyekundu zikalala kama sharubu za paka.

"Tena," alisema Ambwene.

*Dondoka, mpunga, dondoka.*
*Dondokea humu, twende kwa Bibi.*

Ting-ting-ting-ting.

Alikwenda kwenye bua lingine. Na lingine. Sufuria iliacha kusema ting, ikaanza kusema shwi, shwi, maana chini kulishajaa. Nyingine zilianguka majini, na Ikupa hakuzihangaikia. Bata alikuwapo.

Mara jua likafunikwa.

Ikupa alitazama juu. Halikuwa wingu la mvua. Lilikuwa wingu la ndege. Vuuuuuu. Kwelea, wengi, wengi, wengi, wanageuka wote pamoja kama kitambaa kinachopepea.

Wakatua. Mabua yakainama mpaka majini.

Ndege walikula kushoto. Walikula kulia. Walikaribia mahali alipokuwa Ikupa, na sufuria yake ilikuwa bado nusu.

"Ambwene, mfuniko," alisema Ikupa.

Ambwene alikuwa amesubiri siku nyingi mtu amruhusu kupiga kelele. Aliokota kijiti. Akaupiga mfuniko.

Kwang. Kwang. Kwang.

Vuuu. Ndege wakaruka. Wakarudi.

Kwang, kwang, kwang, kwang.

Vuuu. Wakaruka, wakakaa mbali kidogo, wakalalamika.

Ambwene alipiga, na Ikupa alitikisa. Kwang, kwang. Shwi, shwi. Yangeyange walisimama kwa mguu mmoja, wanawashangaa.

Mwisho Ikupa alisema, "Inatosha."

"Bado upo mwingi," alisema Ambwene.

"Huo ni wa ndege," alisema Ikupa. "Wao hawana majaruba."

Akafunika sufuria. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akaifunga, fundo moja, fundo la pili. Walipotoka tu majini, kwelea wakarudi. Vuuuuuu.

Sasa ilibaki njia.

Ikupa alitembea mbele, sufuria kifuani. Tuta la kwanza lilikuwa kavu. Tuta la pili lilikuwa na unyevu. Tuta la tatu lilikuwa na matope matupu, na Ikupa aliyekuwa hajawahi kuanguka hata siku moja, mguu wake ukakosa mahali pa kushika.

Pwacha.

Safari hii hakuwa Ambwene.

Ikupa alikaa ndani ya jaruba, maji yamemfika kiunoni. Matope shavuni. Jani la mpunga sikioni. Lakini mikono yake miwili ilikuwa juu, juu kabisa, na juu ya mikono ilikuwa sufuria.

Ambwene alimtazama. "Umeanguka," alisema, kwa heshima.

Mama alikuja akikimbia juu ya tuta. Alimshika Ikupa kwapani, akamnyanyua. Akaitazama sufuria.

"Hebu nione," alisema Mama, akanyoosha mkono kwenye fundo.

"Usifungue hapa, Mama," alisema Ikupa. "Zitadondoka shambani."

Mama aliurudisha mkono nyuma. "Samahani," alisema. "Ni kweli."

Wakaenda nyumbani, Mama mbele, Ikupa katikati, Ambwene nyuma akiangalia chini. Aliangalia tuta lote. Hakuona ndevu hata moja.

Walianika punje juani, kwenye mkeka, Ambwene akifukuza kuku. Kisha Mama akaleta kinu.

Twa. Twa. Twa. Mama alitwanga. Akampa Ikupa mchi. Twa, akatwanga Ikupa. Akampa Ambwene. Mchi ulikuwa mrefu kuliko Ambwene, kwa hiyo Mama akamsaidia. Twa.

Mama akapeta kwa ungo, juu ya turubai. Fyaa. Fyaa. Ndevu zikaruka, makapi yakaruka, mchele ukabaki. Ndevu na makapi yote Mama aliyakusanya, akayatia jikoni, yakawaka puu.

Mchele wenyewe ulikuwa kidogo tu, umejaa viganja viwili vya Ikupa. Ulikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu.

Mama aliupika kwa moto mdogo. Hakutia kitu kingine, ila chumvi. Harufu ilianza kutembea. Ilitoka jikoni, ikavuka uwanja, ikaingia chumbani kwa Bibi.

"Nani anapika?" Bibi aliita.

Ikupa alikuwa tayari yuko njiani, bakuli mkononi, anatembea kwa uangalifu kuliko alivyotembea mahali popote.

"Karibu, Bibi," alisema.

Bibi alikaa. Alitazama ndani ya bakuli. Macho yake yakapata maji.

"Usilie, Bibi," alisema Ambwene. "Kwanza onja."

Bibi alionja.

Alitafuna taratibu, taratibu sana. Wote walimtazama mdomo. Mama alisimama mlangoni, ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

Bibi alimeza. Akachukua kijiko cha pili.

"Ukoje?" aliuliza Ikupa.

"Onjeni," alisema Bibi. Akampa kila mmoja kidogo, kwenye ncha ya kijiko.

Ambwene alitafuna, akakunja uso. "Una ladha ya dimbwi," alisema.

"Ndiyo," alisema Bibi. "Ndiyo, baba yangu. Ndivyo ulivyo." Akacheka, na safari hii kicheko hakikuwa cha puani. Kilitoka tumboni. Ikupa alikuwa amekisahau kicheko hicho.

Bibi alikula mpaka bakuli likawa tupu. Akafuta ukingo kwa kidole, akakilamba kidole. Kisha akaendelea kutazama ndani ya bakuli, kama mtu aliyepoteza kitu humo.

"Ikupa," aliita.

"Abee, Bibi."

"Mama yako leo jioni anapika nini?"

Mama aliachia fremu ya mlango. "Kuna ugali," alisema haraka. "Kuna mlenda. Kuna na samaki kidogo."

"Niletee," alisema Bibi. "Na pilipili, kama ipo."

Mama hakutembea kwenda jikoni. Alikimbia.

Jua lilizama nyuma ya dimbwi. Watoto walioga, na maji ya Ikupa yalitoka meusi kuliko ya Ambwene, jambo ambalo Ambwene alilitangaza mara kadhaa. Waliingia kitandani. Mama akashusha chandarua, akakichomeka chini ya godoro pande zote.

Vyura walikuwa wanaimba kule majini. Kroo. Kroo. Kroo.

Ambwene alilala kabla ya kumaliza kusema usiku mwema. Ikupa alilala chali, macho yamefumbwa nusu. Kutoka chumba cha pili alisikia sahani ikigusa sahani. Alisikia Mama na Bibi wakiongea kwa sauti za chini. Halafu sauti ya Bibi ikapanda kidogo.

"Samaki huyu umemnunua kwa nani? Ni mtamu. Kuna mwingine?"

Ikupa alitaka kusikia Mama atajibu nini. Lakini usingizi ulimwahi.